VIETNAM WALIPIGANA, NA SISI JE?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyegezi, Mwanza



Tumepewa kazi ya kusema juu ya vita ambavyo watu wa Vietnam walipigana na Mfaransa ili wajitawale. Kazi hii imetoka kwa vijana wenyewe. Wao hutuuliza hivi: "Wavietnam walimpiga Mfaransa mpaka akanyosha mikono. Ninyi mlipewa uhuru mezani, huku chai inamiminwa. Mna nini cha kujivunia?" Wako wazee waliolikasirikia swali hili. Sisi hatukulikasirikia. Mtoto akiuliza mali ya babu yake ilipatikanaje hajamtukana mtu. Ila ni lazima ajibiwe sawasawa, asipewe hadithi ya kumlaza usingizi.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Wavietnam hawakuanza na bunduki. Walianza na karatasi. Mwaka 1919, wakubwa wa dunia walipokutana Versailles baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kijana mmoja wa Kivietnam aliyekuwa akiishi Paris alipeleka maombi ya watu wake, yametiwa sahihi kwa jina la Nguyen Ai Quoc. Hakudai hata uhuru kamili. Alitaka sheria iwe moja kwa Mzungu na kwa mwenyeji, watu waruhusiwe kukutana, na magazeti yaandike bila kufungwa mdomo. Wakubwa hawakumsikiliza. Kijana yule ndiye dunia ilikuja kumjua baadaye kwa jina la Ho Chi Minh.

Alingoja miaka mingi. Vita Kuu ya Pili ikaja, Mjapani akaingia Vietnam, na Mfaransa akabaki pale pale ofisini akimtumikia. Mchele wa wakulima ukachukuliwa na wakubwa wawili mahali pa mmoja, na katika njaa ya 1944 na 1945 watu walikufa laki kwa laki huko kaskazini, katika nchi inayolima mpunga kuliko kitu kingine chochote. Mjapani aliposhindwa, tarehe 2 Septemba 1945, Ho Chi Minh alisimama mbele ya watu Hanoi akatangaza kwamba nchi yao ni huru. Hata hapo hakuacha karatasi. Mwaka 1946 alikwenda Ufaransa mwenyewe, akakaa huko miezi, akizungumza na kuzungumza, akarudi na kijikaratasi kisichokuwa na uhuru ndani yake. Novemba ya mwaka ule manowari za Kifaransa ziliupiga mizinga mji wa Haiphong. Desemba vita vikaanza Hanoi, na havikuisha mpaka mwaka 1954.

Hapo tuseme neno moja linalotuhusu sisi. Ni nani aliyemrudisha Mfaransa Vietnam mwaka 1945? Ni Mwingereza. Mjapani aliposalimu amri, Mwingereza alitumwa Saigon kupokea silaha zake, na askari aliowapeleka walikuwa Divisheni ya 20 ya Wahindi, iliyotoka kupigana Burma. Walifika, wakawapa Wafaransa bunduki na ofisi, hata wakawatumia wafungwa wa Kijapani kuwapiga wenyeji. Na katika jeshi lile lile la Burma, Jeshi la 14, walikuwamo vijana wetu wa Tanganyika, katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Wazee wa K.A.R. waliorudi kutoka Burma walikuwa wamelala mahandaki jirani na Wahindi wale. Waliambiwa wote kwamba wanapigania uhuru wa watu. Wahindi wakapelekwa Saigon kumrudisha mkoloni, na wa kwetu wakarudishwa nyumbani kulipa kodi.

Sasa twende Dien Bien Phu, maana huko ndiko vijana wanakotaka twende.

Dien Bien Phu ni bonde, limezungukwa na milima, karibu na mpaka wa Laos. Mnamo Novemba 1953 Wafaransa walishusha askari wao hapo kwa miavuli, wakatengeneza kiwanja cha ndege, wakajenga ngome juu ya vilima vidogo vya ndani ya bonde. Hesabu yao ilikuwa hivi: Wavietnam ni watu wa porini, hawana malori ya kutosha, hawana ndege, hawawezi kupandisha mizinga mikubwa juu ya milima ile. Wakija, watakuja na bunduki zao, nasi tutawafyeka bondeni. Hesabu nzuri kwa mtu anayehesabu malori. Walisahau kuhesabu watu.

Jemadari wa Wavietnam alikuwa Vo Nguyen Giap, mtu aliyekuwa mwalimu wa historia kabla hajawa askari. Mizinga alikuwa nayo, kwa msaada wa China. Hili tusilifiche, maana hakuna mnyonge aliyeshinda peke yake. Lakini mizinga haina miguu. Iliburutwa kwa kamba, kwa mikono, juu ya milima, usiku, ili ndege zisiione. Ilipofika, mwezi Januari 1954, kila kitu tayari, Giap alitazama akaona kwamba akishambulia kwa haraka askari wake watakwisha. Akaahirisha. Akaamuru mizinga ile iliyopandishwa kwa jasho na damu irudishwe nyuma, ipangwe upya, ichimbiwe mashimo ndani ya mlima. Fikirini, ninyi mliowahi kuvuta mtumbwi mzito kutoka majini mpaka juu ya mchanga, halafu mtu mmoja aseme: urudisheni, tutauvuta tena kesho kwa upande mwingine. Walinung'unika, bila shaka. Walirudisha.

Na chakula? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Askari maelfu kwa maelfu walikaa msituni miezi. Mchele wao ulitoka mbali sana, mamia ya maili, katika njia ambazo ndege zilizipiga mabomu kila siku. Ulibebwa na wakulima, wanaume na wanawake. Wengine walibeba kwa mzega begani, wengine kwa farasi wadogo, na wengine kwa baiskeli. Msidhani walizipanda. Waliikaza baiskeli kwa miti na mianzi, wakafunga fimbo ndefu kwenye usukani, wakaipakia mchele, kisha mtu akatembea kando yake akiisukuma, wiki kwa wiki. Baiskeli moja ilichukua zaidi ya kilo mia mbili. Sisi wa Usukuma hatuhitaji kuelezwa baiskeli ni nini. Tumezipakia pamba, samaki, mkaa, mgonjwa wa kupeleka hospitali, na bibi harusi. Lakini kilo mia mbili, kupanda mlima, gizani, na ndege juu! Wavietnam wenyewe wameandika hesabu: watu waliobeba walikuwa zaidi ya 260,000, na baiskeli karibu 21,000. Ishikeni hesabu hii, tutairudia.

Tarehe 13 Machi 1954 mizinga ikalia. Kamanda wa mizinga wa Kifaransa, aliyekuwa ameahidi wakubwa wake kwamba atainyamazisha mizinga ya Wavietnam mara itakapofunguka mdomo, alijiua ndani ya siku chache kwa aibu. Kiwanja cha ndege kikafungwa. Wavietnam wakachimba mahandaki, kila usiku wakisogea karibu zaidi, kama fuko anavyokwenda chini ya shamba la viazi. Siku 56. Tarehe 7 Mei 1954 ngome ilianguka, na askari kiasi cha elfu kumi wakatekwa. Miongoni mwao walikuwamo Waalgeria, Wamoroko na Waafrika wa Magharibi waliovishwa sare ya Mfaransa. Watu waliotawaliwa walipelekwa kuwazuia watu waliotawaliwa wasijitawale. Waalgeria waliuelewa ujumbe upesi. Novemba mosi ya mwaka ule ule wakaanza vita vyao.

Kwa nini wakulima wale walikubali kubeba? Si kwa nyimbo tu. Walikuwa wamepunguziwa kodi ya mashamba waliyokuwa wakiwalipa wenye ardhi, na Desemba 1953 ilitoka sheria ya kugawa ardhi. Mtu alibeba mchele akijua shamba lake liko nyuma yake. Wala tusipake sukari: katika kugawa ardhi ile, baadaye, watu wengi waliuawa bila hatia, hata mwaka 1956 chama chao kikakiri makosa hadharani, na Giap mwenyewe ndiye aliyesimama kuyasoma. Twayataja haya kwa sababu ndugu zetu vijana wanapenda vita vyenye ushindi mwishoni, na vita havina tabia ya kuishia pale penye ushindi. Nchi ile iligawanywa vipande viwili huko Geneva mwezi Julai 1954, na damu haikukoma mpaka 1975.

Basi turudi kwa swali. Kwa nini wao bunduki, na sisi siyo?

Msitazame mbali, tazameni ng'ambo ya ziwa letu. Aprili 1954, wiki zile zile ambazo Dien Bien Phu imezungukwa, Mwingereza alizunguka mji wa Nairobi kwa maelfu ya askari, akawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru wa mji mzima, akawapeleka kambini. Kenya kulikuwa na vita. Tangu Oktoba 1952 kulikuwa na hali ya hatari; misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilipigwa mabomu kwa ndege; watu zaidi ya milioni moja walitolewa makwao wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba; si chini ya watu 80,000 walifungwa kambini bila hukumu. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957. Nao pia walikuwa wameanza na karatasi. Walidai ardhi yao kwa barua, kwa wajumbe, kwa chama chao cha K.A.U., miaka na miaka. Mlango ulifungwa, na huyo aliyekuwa ndani alikuwa setla mwenye shamba, hakuwa tayari kutoka. Vietnam ya Afrika ya Mashariki ilikuwa Kenya.

Sisi tulikuwa na mlango mmoja ambao wenzetu hawakuwa nao. Tanganyika haikuwa koloni hasa, ilikuwa nchi ya udhamini, na Mwingereza alipaswa kutoa hesabu kwa Umoja wa Mataifa. Wajumbe wa Umoja ule walikuja hapa mwaka 1954. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Maneno yetu yalipata mahali pa kusikilizwa, na masetla kwetu walikuwa wachache. Bahati siyo ushujaa, na haina haja ya kuitwa ushujaa.

Lakini kijana, usikimbilie kusema "chai". TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, miezi miwili kamili baada ya Dien Bien Phu. Na hapa kwetu, Usukuma na Mwanza mjini, mwaka ule haujaisha mlango ulifungwa. Serikali ilikataa kuyaandikisha matawi ya TANU, na kuanzia hapo mpaka 1958 kufanya mkutano wa chama katika sehemu hii ilikuwa kosa la kushtakiwa. Kwingine Tanganyika watu walikata kadi mchana. Hapa kadi ilifichwa.

Kwa nini hapa? Kwa sababu Jimbo la Ziwa lilikuwa na wakulima wengi, wenye pamba na ng'ombe, na wakulima hao walikuwa wamekwisha kuamka. Waliamka kwa sababu ya mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akachambua safi na fifi, akasukuma baiskeli mpaka kwa mnunuzi, na huko mizani ikamwambia kwamba pamba yake imekuwa nyepesi njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kuangalia mizani. Hapo ndipo ulipotoka ushirika aliouongoza Paul Bomani, uliokuja kuwa Victoria Federation mwaka 1955, na kufikia uhuru ndio uliokuwa ukinunua pamba yote ya wakulima wa jimbo hili. Tena kulikuwa na amri: tengeneza matuta hivi, panda muhogo kiasi hiki, punguza ng'ombe, na asiyetii atozwe faini katika baraza la mtemi. Amri nyingine, tukisema kweli, zilikuwa na faida kwa udongo. Lakini mtu aliyeamriwa shambani mwake mwenyewe na mtu asiyemchagua hawezi kuuona udongo, anaiona amri tu.

Kwa hiyo siasa ilipofungiwa mlango, wakulima walikutana kama watu wa pamba. Viongozi wa ushirika walikuwa waangalifu, ushirika ukae mbali na chama ili usifungwe nao. Lakini mwanachama ni mtu mmoja, na moyo wake ni mmoja. Akikaa kuhesabu bei ya pamba, hawezi kukatazwa kuhesabu mengine kichwani.

Kisha ikaja Geita. Serikali ilitaka baraza la wilaya la mchanganyiko, Waafrika, Wazungu na Wahindi pamoja, katika wilaya ambayo watu wake karibu wote ni Waafrika. Watemi walitiwa katikati, wakakubali. Watu wakakataa. Walisema: leo baraza, kesho ardhi. Mwaka 1958 uasi ule wa maneno ukawa uasi wa miguu. Watu wa Geita waliondoka makwao, mamia kwa mamia, wakaja Mwanza kumwona P.C. uso kwa uso. Hawakuwa na silaha. Walipiga kambi mjini wakingoja jibu. Jibu lilikuwa polisi, virungu, na moshi wa kutoa machozi.

Leo ukitaka kwenda Geita unapanda basi hapo stendi yetu ya Nyegezi, na tangu mwaka 2025 unavuka daraja la Kigongo–Busisi dakika chache tu, hata usingizi hujaupata. Mwaka 1958 maji yalikuwa maji. Mtu alivuka kwa chombo, akatembea kwa miguu, chakula chake mgongoni, akijua kwamba mwisho wa safari kuna polisi. Hakuna Mchina aliyempa mzinga. Hakuna gazeti la Paris lililoandika habari zake.

Na walishinda. Kabla mwaka ule haujaisha lile baraza la mchanganyiko liliachwa, na TANU ikaruhusiwa tena Usukuma. Mwaka huo huo Mwalimu alikuwa kizimbani Dar es Salaam kwa yale aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya Mabwana Shauri wawili, akatozwa faini Shs. 3,000. Ungeweza kudhani kwamba chama kinabanwa. Kumbe mbanaji alikuwa anachoka.

Hatusemi kwamba P.C. wa Mwanza alilala akiota Dien Bien Phu. Lakini Serikali yake ya London ilikuwa imeona. Ilikuwa imeona jeshi kubwa la Ulaya likitolewa bondeni limeinua mikono, na ilikuwa ikilipa gharama ya Kenya kila mwezi. Mtawala aliyeona nyumba ya jirani ikiungua husikia harufu ya moshi hata jikoni kwake. Kwa hiyo katika uhuru wa mezani, kijana, yumo yule mwanamke wa Kivietnam mwenye mzega wa mchele, na yumo Kimathi, na yumo mtu wa Geita mwenye macho mekundu kwa moshi. Hao ndio waliokileta kikombe cha chai mezani. Deni hilo lipo, nasi hatulikani. Wala halikuishia kwenye maneno: mwaka 1965 Tanzania ilifungua uhusiano na Hanoi, wakati mabomu ya Marekani yalipokuwa yakianguka juu ya Vietnam ya Kaskazini na nchi nyingi zikiogopa hata kulitaja jina lake. (Siku hizi jeshi la Vietnam linatuuzia vocha za simu, Halotel ni ya kampuni yao, Viettel. Dunia hii ina vituko.)

Aibu yetu iko mahali pengine, na kwa hiyo tumewaambia mshike ile hesabu. Wavietnam wanajua walikuwa na wabebaji 260,000 na baiskeli karibu 21,000. Waliwaandika. Wamewajengea makumbusho pale pale bondeni, na zile baiskeli zimewekwa wazi watoto wa shule waziguse kwa macho. Sisi tuna majina ya marais na mawaziri. Waliotoka Geita mwaka 1958, waliofungwa kwa sababu ya kadi kati ya 1954 na 1958, waliosimama kwenye mizani wakamwambia mnunuzi "pima tena", wengi wao hawamo katika kitabu chochote tunachokijua. Hata ule ushirika wao, serikali yetu wenyewe ilivivunja vyama vya ushirika nchi nzima mwaka 1976, na wakulima hawakuulizwa; daftari nyingi za vyama vya msingi zimeliwa na mchwa. Mkoloni hakuhusika katika hilo.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1958 sasa amekaribia themanini. Wako hapa, Nyegezi na Luchelele na Mkolani, na wengi zaidi wako Geita na Sengerema. Kila mwezi tunakwenda mazikoni.

Kwa hiyo tumeafikiana na Katibu. Pale mezani ametia daftari kubwa, na kalamu mbili. Mwenye baba, mama au babu aliyetembea mwaka ule, alete jina lake, kijiji alikotoka, alivukia wapi, alilala wapi hapa mjini, na nani alimpa chakula. Kama mzee mwenyewe yu hai lakini hawezi kutembea, vijana watakwenda kwake; wale wale waliouliza swali ndio tuliowapa kazi hiyo, nao wamekubali. Baiskeli ziko nje. Wataanza Jumamosi na Luchelele, kisha wavuke.